Anti wa Maua Anajibu: Maji Kila Siku Ndo Yanayaua

Anti shikamoo. Nilinunua zizi planti (ZZ plant, lile ua la ndani lenye majani mazito yanayong'aa) kwa wale wauza maua wa barabarani, nikaambiwa nimwagilie kila asubuhi na mi nikafanya hivyo bila kukosa. Sasa majani yamekuwa njano, mashina ukiyashika yamelainika, nimeongeza maji lakini ndo kwanza hali inazidi kuwa mbaya. Au ni jua halitoshi? – Mama Wawili, Tabata

Marahaba mdogo wangu. Jua halina kosa hapo, maji ndo mchawi wako na uyaache leo leo. Ung'oe huo mmea kwenye chungu taratibu uangalie chini, utakuta vitu vimevimba vinafanana na viazi mviringo, hiyo ndo akiba yake ya maji. Zizi planti tunaiona ya dukani tunadhani imetoka Ulaya, kumbe kwao ni huku huku, inaota porini Kenya, Tanzania mpaka Zanzibar, inashuka Msumbiji hadi Afrika Kusini, imezoea kiangazi kirefu bila tone. We unaimwagilia kila asubuhi kama mchicha, itaponea wapi?

Kinachowachanganya watu ni hiki: mizizi nayo inataka hewa, udongo ukilowa muda wote hewa inakosekana, mizizi inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kuvuta maji hata ukiwa umekaa ndani ya maji, kwa hiyo majani yanalegea mtu akiona anasema maskini ana kiu, anaongeza kopo lingine. Hapo ndo unamalizia kuua.

Sasa fanya hivi. Vile viazi vibonyeze kimoja kimoja, kilicho kigumu kiache, kinachobonyea na kunuka kata na kisu kisafi, utomvu wake unawasha kwa hiyo vaa glavu au nawa mikono vizuri. Acha mmea kivulini siku moja mbili vidonda vikauke, panda kwenye udongo mpya uliochanganya na mchanga wa chenga kubwa, chungu kiwe na tundu chini, na usitie maji mpaka ipite kama wiki. Baada ya hapo sahau habari ya ratiba. Chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu ondoka, na kwa zizi subiri ukauke kabisa mpaka chini. Masika unaweza kukaa wiki tatu nne hujagusa na isiseme kitu. Muuzaji anamwagilia kila siku kwa sababu maua yake yapo juani barabarani kwenye vifuko vidogo, yako yapo sebuleni, ni mambo mawili tofauti.

Anti, chungu changu hakina tundu ila nimeweka kokoto chini maji yajichuje, si inatosha? – Baba Junior, Morogoro

Haitoshi kaka yangu, na hili nalisikia mpaka kwa mafundi bustani wenyewe. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanang'ang'ania pale juu ya kokoto mpaka udongo ushindwe kabisa kuyabeba. Ina maana ule udongo uliolowa umeusogeza juu karibu na mizizi. Toboa tundu, au panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu ulitumbukize humo kwenye chungu chako kizuri, ukimwagilia unalitoa kwanza.

Mama mkwe kasema nitoe sneki planti (snake plant, lile lenye majani marefu yaliyosimama kama panga) chumbani, usiku inatunyonya hewa, rafiki yangu naye anasema niongeze maana inasafisha hewa. Nimsikilize nani? – Bi Harusi, Kisauni

Wote wawili wametia chumvi bibie. Mmea unapumua usiku ni kweli, ila oksijeni unayotumia ni kidogo mno, mumeo hapo pembeni anavuta nyingi kuliko hivyo vyungu vyote. Na ile ya kusafisha hewa imetokana na utafiti wa 1989 wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walifungia mimea kwenye visanduku visivyopitisha hewa, sasa nyumba yako sio kisanduku. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipiga hesabu upya wakaona unahitaji mimea 10 mpaka 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo kwa kawaida. Chumba cha mita 12 za mraba ni vyungu 120 kwa uchache, mtalala wapi? Fungua dirisha. Mama mkwe mwambie kwa adabu tu, au kihamishie koridoni yaishe, mi nyumba za watu siingilii.

Mani planti yangu (money plant, lile linalotambaa) nimeiweka kwenye chupa ya maji tu, inapendeza sana, ila jirani anasema nafuga mbu. – Kijana wa Sinza

Jirani yuko sahihi. Mbu anayeeneza homa ya dengi anapenda maji masafi yaliyotulia, na mayai yake anayagandisha ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, kwa hiyo kubadilisha maji peke yake haisaidii. Kila wiki mwaga, sugua chupa kwa ndani na brashi, mizizi nayo isuuze, jaza upya. Kama huna muda huo hamishia kwenye udongo, mani planti haina makuu.