Maswali ya Wasomaji: Samadi, Urea na Udongo wa Pwani

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nina kishamba kidogo huku Kisauni, ninakopanda mchicha, bamia na biringani za kuuza mtaani. Miaka yote nimekuwa nikitia urea na mazao yalikuwa mazuri, lakini misimu hii ya karibuni majani yanageuka manjano hata nikiongeza mbolea. Jirani yangu anasema mbolea ya dukani imeua ardhi, kwa hiyo niiache mara moja nifuate kilimo hai. Shemeji yangu naye anasema kilimo hai ni kujitakia njaa. Nimsikilize nani? (Mkulima, Kisauni)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Jirani na shemeji kila mmoja ana lake la kweli, ila hakuna kati yao aliyetazama udongo wako, nao ndio wenye jibu. Huku kwetu sehemu kubwa ya mashamba imekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Udongo wa namna hiyo hauna kitu cha kushikia maji wala chakula cha mimea, kwa hiyo masika yakishuka, naitrojeni, yaani chakula cha mimea kilichomo kwenye urea, huoshwa ikazama chini kabla mizizi haijaifaidi. Isitoshe, urea ikimwagwa juu ya ardhi yenye chokaa na kuachwa juani bila kufukiwa, sehemu yake hugeuka gesi ya amonia ikapotelea hewani, na fedha yako pia.

Kabla ya kuamua lolote, yachunguze hayo majani. Yakianza kugeuka manjano yale ya chini yaliyokomaa, mmea una njaa ya naitrojeni. Yakianza yale machanga ya juu, huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, ambao ni jambo la kawaida kwenye ardhi ya chokaa, na hapo hata ukimwaga gunia zima la urea hutapata nafuu.

Kinachokosekana shambani mwako, kwa maelezo yako, ni mboji. Urea haikuiua ardhi. Kosa ni kwamba ardhi imekuwa ikivunwa kila msimu bila kurudishiwa kitu kinachooza. Ukitaka kuona mboji inavyoweza kazi, nenda Bamburi, palipokuwa na machimbo ya mawe ya saruji. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe, na mti uliostahimili vizuri ni mvinje, ambao mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Leo pale pana msitu. Nausimulia mfano huu kila ninapopata nafasi, kwa sababu watu wengi wa Pwani wamekwisha kukata tamaa na ardhi yao, nami naamini wamefanya haraka.

Shemeji yako, hata hivyo, hakusema uongo kuhusu mavuno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Nature, uliolinganisha majaribio ya nchi nyingi, ulionyesha kwamba mavuno ya kilimo hai hupungua kwa asilimia 5 hadi 34, kutegemea zao, udongo na uhodari wa mkulima. Sababu yake kubwa ni hesabu ya naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, ilhali samadi ya ng'ombe iliyokauka kwa kawaida haifiki asilimia 2, kwa hivyo utahitaji zaidi ya tani moja ya samadi kufikia kiasi kile kile, nayo huachia chakula chake polepole. Sri Lanka iliyapata haya kwa uchungu: mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za kemikali kwa ghafla, mavuno ya mpunga yakaanguka, na kabla ya mwaka huo kwisha ilibidi amri hiyo ilegezwe.

Kwa hiyo usiache kwa siku moja. Kwa mchicha na bamia za kishamba kidogo, karibu na mji wenye wafugaji wengi wa kuku, mimi ningehamia kilimo hai hatua kwa hatua, nikipunguza urea kila msimu kadiri mboji inavyoongezeka. Mwenye ekari kadhaa za mahindi nisingempa ushauri huo, kwa sababu samadi ya kumtosha hataipata. Kinyesi cha kuku usikitie kibichi, maana huunguza miche na hubeba vijidudu vya maradhi. Kichanganye na majani makavu, kirundike, ukinyunyizie maji na kukigeuza mpaka joto la ndani lipande kisha lishuke. Baina ya matuta panda kunde, funika ardhi kwa matandazo ya nyasi au makumbi, na urea utakayoendelea kuitumia ifukie.

SWALI: Naua vidukari kwenye nyanya kwa maji ya tumbaku badala ya dawa za dukani. Hii si salama zaidi, kwa kuwa ni kitu cha asili? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Nikotini iliyomo kwenye tumbaku ni sumu kali kwa binadamu na hupenya ngozi, na tumbaku yenyewe inaweza kubeba kirusi cha batobato kinachoshambulia nyanya pia, ukawa umeua wadudu na kuleta ugonjwa. Tumia mbegu za mwarobaini zilizopondwa na kulowekwa usiku mmoja, unyunyizie jioni, kwa kuwa jua huvunja nguvu yake. Ukilazimika kununua dawa, angalia utepe wa rangi kwenye kibandiko: mwekundu ndio wenye sumu kubwa zaidi, kisha njano, buluu na kijani. Soma pia siku za kungoja kabla ya kuvuna, na uzitimize hata kama mteja amesimama mlangoni.

SWALI: Kongowea wapo wauzaji wanaodai mboga zao ni za kilimo hai, na bei wameipandisha. Nitajuaje kama ni kweli? (Mama wa nyumbani, Tudor)

JIBU: Kwa macho huwezi, dada yangu, matundu ya viwavi kwenye majani si ushahidi wa chochote. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, ambayo mkulima huipata baada ya shamba lake kukaguliwa na wakaguzi, au na kikundi cha wakulima wanaokaguana wenyewe kwa utaratibu uliokubaliwa. Muuzaji asiye na alama hiyo muulize mboga zimetoka shamba gani, zimetiwa mbolea gani na zimemwagiliwa maji ya wapi. Swali la maji usiliache, kwa sababu mboga isiyopigwa dawa hata tone lakini ikanyweshwa maji ya mtaro wa majitaka ina hatari yake. Akikosa majibu, lipa bei ya kawaida, na mboga zote, ziwe za hai au zisiwe, zioshe kwa maji safi yanayotiririka.