Shairi la dafodili: kwa nini kutaja maua si kuchambua ulimbwende

Swali: Mwalimu, nimepewa shairi la mshairi Mwingereza Wordsworth la maua ya dafodili nilichambue kwa nadharia ya ulimbwende (Romanticism), inayotukuza hisia na ubunifu wa akili. Nimetaja ziwa, miti, nyota na mawimbi, nikahitimisha kwamba mshairi alipenda mazingira. Msahihishaji kaandika pembeni: "Hii ni orodha." Nimekosea wapi?

Jibu: Umeishia ubeti wa tatu, na shairi linageuka kwenye wa nne.

Chukua penseli upigie mstari vitenzi vikuu. Katika beti tatu za mwanzo ni vya wakati uliopita: alitembea, aliona, alitazama. Ubeti wa nne unahamia kwenye mazoea, yale ambayo Kiswahili hutumia hu-: hujilaza kochini, maua humjia katika jicho la ndani, moyo hujaa furaha. Mwisho wa ubeti wa tatu nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, anakiri kwamba alipokuwa akitazama hakujua amepata utajiri gani. Kwa hiyo furaha yenyewe imezaliwa baadaye, chumbani, katika kumbukumbu. Hapo ndipo ulimbwende ulipo: akili inakiumba upya kile ambacho jicho liliona.

Wordsworth alilieleza jambo hili katika dibaji aliyoiongeza mwaka 1800 kwenye Lyrical Ballads, kitabu cha mashairi alichokitoa na mshairi mwenzake Coleridge mwaka 1798. Wanafunzi wengi hunukuu nusu ya kwanza tu, kwamba ushairi ni hisia kali zinazofurika zenyewe. Nusu ya pili ndiyo utakayoihitaji: hisia hizo hukumbukwa katika utulivu.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye shajara ya dada yake, Dorothy. Tarehe 15 Aprili 1802 walikuwa pamoja kando ya ziwa Ullswater, kaskazini mwa Uingereza, na upepo ulikuwa mkali. Dorothy anasema baadhi ya maua yalilaza vichwa juu ya mawe kana kwamba yamechoka. Shairi lilichapishwa mwaka 1807, na humo Dorothy hayumo, wala hakuna ua lililochoka. Yupo mtu mmoja, mpweke kama wingu. Usiandike kwamba mshairi alidanganya. Andika kilichoondolewa, kisha eleza upweke huo unaufungulia vipi njia ubeti wa nne.

Angalia pia nakala uliyonayo. Ya 1807 ina beti tatu, hivyo kwako ubeti wa mwisho ungekuwa wa tatu. Ubeti wa nyota, ambao umeutaja, uliongezwa mwaka 1815, na katika toleo hilohilo maua "yanayocheza" ya ubeti wa kwanza yakawa ya "dhahabu". Neno hilo linautangulia ule "utajiri" wa baadaye. Hoja hii peke yake inatosha aya nzima.

Kuhusu umbo: beti 4, mishororo 6 kila mmoja, vina ABABCC. Usiishie kuhesabu mizani (silabi) 8 za kila mshororo kama unavyohesabu mizani kwenye tarbia, shairi la Kiswahili la mishororo minne kila ubeti, maana Kiingereza hupima pia mkazo, na hapa kila mshororo una mikazo minne. Mshororo wa sita wa ubeti wa kwanza unaanza na mkazo badala ya kuufuata utaratibu wa kuanza na silabi isiyo na mkazo. Sauti inayumba pamoja na maua.

Ukiandika upya, beti za mandhari zipe aya moja, ubeti wa mwisho aya mbili. Na kwenye utangulizi fafanua istilahi yako kwa sentensi moja, kwa sababu mtaani mlimbwende ni mrembo wa jukwaani, na wapo watakaodhani pia unazungumzia mahaba.