Daktari Akisema "Fanya Mazoezi", Muulize Kiasi Gani

Vidonge daktari anavielezea vizuri: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Akifika kwenye mazoezi anasema tu, "Na ujitahidi mazoezi, mama," huku jicho liko kwenye faili la anayefuata. Mimi nina sukari na presha, na foleni za kliniki hapa Dar mnazijua, kwa hiyo simlaumu. Ila usinyanyuke kwenye kile kiti bila kupewa dozi.

Siku nilipomuuliza, daktari wangu, kijana wa rika la mwanangu wa pili, aliweka kalamu chini.

"Mama, ukitembea kwenda kituoni unaweza kuongea na simu?"

Naongea vizuri tu.

"Na kuimba?"

Naimba kwaya nzima, mwanangu.

Akacheka. Akaniambia hapo bado, niongeze mwendo mpaka kuongea niweze lakini kuimba nishindwe. Kipimo hicho hakihitaji saa ya kupima mapigo ya moyo. Na kama unameza atenolol, dawa ya presha, saa hizo zitakuchanganya bure, kwa sababu dawa yenyewe inazuia moyo usiende mbio.

Kiasi chenyewe, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo, na angalau siku mbili za kutia misuli nguvu. Misuli si lazima jimu. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika popote, kaa tena. Au sukuma ukuta. Mwenye presha asibane pumzi anaponyanyua kitu kizito, maana presha inapanda hapo hapo. Mwongozo wao wa 2020 uliondoa pia sharti la zamani kwamba mwendo usiofika dakika 10 mfululizo hauhesabiwi. Kwa hiyo mama anayechota maji na kupanda kilima na ndoo asiambiwe hafanyi mazoezi. Huyo ameshatimiza sehemu kubwa. Mwenye kazi ni sisi wa kukaa dukani kutwa.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa siku nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makonda waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. (Konda wa daladala anayening'inia mlangoni, sina hakika angemweka kundi gani.)

Kwa wenye sukari, muda mzuri kwangu ni baada ya chakula cha usiku. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini ya mwili inapokuwa imegoma. Jioni moja baada ya ugali nilipima, mashine ikasoma 12. Nikazunguka mitaa na jirani yangu, tukirudi ikasoma 9. Tangu hapo sihitaji kubembelezwa.

Lakini kuna hatari ambayo madaktari wengi wanaisahau kuitaja. Ukitumia insulini, au vidonge vya sukari kama glibenklamaidi, mazoezi yanaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Ukianza kutetemeka, jasho la baridi likakutoka na njaa ikakubana ghafla, simama, kula kitu kitamu. Mimi pipi haziniishi mfukoni. Na miguu: sukari inaleta ganzi. Mwenzetu mmoja kliniki alitembea na kipande cha msumari ndani ya raba mpaka alipoona damu kwenye soksi. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla hujavaa, na ukirudi tazama nyayo, hata kwa kioo.

Vikundi vya jogging vya Jumamosi ni vizuri kwa kampani, ila mgonjwa asikimbie mwendo wa vijana. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Jambo jema, lakini mara moja kwa mwezi haitoshi kushusha sukari ya mtu.

Majirani watauliza, "Mbona unakonda, unaumwa?" Wajibu, "Ndiyo, naumwa sukari," muendelee na safari.

Dawa usiziache kwa sababu namba zimeshuka. Namba hizo ziandike kwenye daftari pamoja na siku ulizotembea, umpelekee daktari, na umuulize kama dozi inahitaji kupunguzwa. Uamuzi huo ni wake. Kifua kikibana au pumzi ikikata ukiwa unatembea, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.