Chipko haikuanzia mjini

Ndugu yangu, umesema Chipko, yaani ile harakati ya kukumbatia miti isikatwe kule milima ya Himalaya, ilikuwa wazo la wasomi wa mjini. Hapana, tuwape wanakijiji haki yao. Mwaka 1973, watu wa Chamoli huko India walinyimwa miti ya kuchongea nira na zana za shamba, na miti hiyo hiyo ikapewa kampuni ya kutengeneza vifaa vya michezo! Nao walikuwa bado hawajasahau mafuriko ya mto Alaknanda ya 1970, yaliyowaonyesha mlima uliokatwa miti unafanya nini mvua ikishuka.

Kisha ikaja zamu ya kijiji cha Reni, huko huko Chamoli, tarehe 26 Machi 1974. Wanaume walikuwa wameitwa mbali kufuata fidia, na wakata miti wakapenya nyuma yao. Msichana mdogo aliwaona akakimbia kumwambia Gaura Devi, mjane aliyeongoza kikundi cha akina mama. Gaura Devi akaondoka na wanawake na wasichana 27, wakasimama kati ya shoka na mti. Aliwaambia wakata miti kwamba msitu huu ni kwao wanawake, nyumbani kwa mama yao. Walikesha wakiulinda, na ule msitu haukukatwa.