Supu ya mifupa isiyoganda na iliyochachuka

Swali: Nilichemsha kilo 2 za mifupa ya paja la ng'ombe katika lita 6 za maji kwa muda wa saa 12, moto ukiwa mkali karibu wakati wote, nikatia siki nusu kikombe ili mifupa itoe kalsiamu. Supu ilitoka nyeupe na yenye mafuta mengi, wala haikuganda ilipokaa ndani ya friji. Juzi nilipika tena, nikaiacha jikoni usiku kucha ipoe, na asubuhi nikaikuta imechachuka. Je, nikiichemsha upya itafaa kunywewa? Na nimekosea wapi?

Jibu: Nianze na lililo zito: hiyo iliyochachuka imwage, wala usiionje. Kuchemsha huua bakteria wengi, lakini wapo wanaojihifadhi katika hali ya spora, yaani hali ya usingizi ndani ya ganda gumu, na spora hizo hustahimili maji yanayochemka. Supu inapopoa polepole huamka na kuzaana kwa kasi, kwa kuwa mchuzi wa nyama ulio vuguvugu ni chakula chao hasa. Tena baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na moto, hivyo hata ukiichemsha kwa saa nzima huwezi kuwa na uhakika nayo.

Sufuria kubwa iliyojaa huhifadhi joto kwa saa nyingi, na ukiitia katika friji ikiwa bado ya moto, itapasha hata vyakula vilivyo karibu nayo. Mara tu unapoepua, ichuje supu, igawe katika vyombo vipana visivyo na kina kirefu, uvitie katika beseni la maji baridi yenye barafu huku ukikoroga. Lengo ni kwamba joto lishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 za Selsiasi ndani ya saa 2, kisha lifike nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Baada ya hapo itakaa katika friji siku 3 hadi 4. Ya kukaa zaidi ya hapo igandishe kwenye friza.

Sasa kuhusu kuganda. Kinachoifanya supu iliyopoa itikisike kama jeli ni jelatini, nayo hutokana na kolajeni, yaani protini iliyojaa katika kano, gegedu na ngozi, ambayo hulainika na kuyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji ya moto. Mfupa wa paja uliokatwa katikati una uboho mwingi, na sehemu kubwa ya uboho ni mafuta, ndiyo maana ulipata supu nono isiyoganda. Mwombe muuza nyama akupe magoti, makongoro na mkia, kisha uchanganye na mifupa yenye nyama kidogo, kwa sababu supu ya gegedu tupu hunata midomoni lakini ladha yake ni hafifu. Maji nayo yalizidi: lita 3 hadi 4 zingetosha kwa kilo 2, au kwa kipimo cha macho, maji yaifunike mifupa kwa kina cha vidole viwili.

Weupe ulitokana na moto. Maji yanapochemka kwa nguvu hupasua mafuta kuwa matone madogo mno, ambayo huchanganyika na chembe za protini na kubaki yakielea, na hakuna chujio la jikoni litakaloyatoa. Anza na maji baridi, pasha taratibu, engua povu linapopanda, kisha punguza moto hadi uone mapovu machache yakija juu moja moja. Kwa mwendo huo saa 6 hadi 8 zinatosha. Kuendelea kwa muda mrefu mno, hasa kwa moto mkali, huikatakata jelatini yenyewe na kuipunguzia nguvu ya kugandisha. Vitunguu na karoti vitie katika saa ya mwisho. Chumvi ingoje hadi supu iive, kwani maji yakipungua chumvi hubaki yote.

Siki unaweza kuiacha bila hasara. Kiasi kinachovumilika mdomoni ni kidogo mno kuweza kuyeyusha madini ya mfupa kwa wingi, na kwa kalsiamu supu haifikii maziwa hata kwa mbali.

Ile ya kwanza, ikiwa ilipozwa upesi na haijapitisha siku 4 katika friji, usiitupe. Ondoa tabaka la mafuta lililoganda juu, uitumie badala ya maji kuchemshia makongoro mara nyingine. Supu itakayopatikana itakuwa nzito kuliko ile ambayo ungeipata kwa maji matupu.