Friji ya gari inazima usiku, na kila mtu anamtupia mwenzake

SWALI: Salaam aleikum fundi. Mwaka jana nilinunua Hiace iliyotumika, nikampa fundi mmoja hapa Mombasa aigeuze nyumba: kitanda, sinki, sola, betri ya lithiamu na inveta. Friji ya volti 12 nilinunua mwenyewe dukani, akaifunga yeye. Miezi mitatu mambo yalikuwa shwari. Sasa mchana friji iko sawa, ikifika usiku inazima na taa yake inamweka, ilhali kioo cha betri kinasema imejaa. Duka linasema waya ni mbovu. Fundi anasema friji si yake. Muuza betri naye anasema waranti imekufa kwa sababu si yeye aliyeifunga. Nianze na nani? – Msomaji, Bamburi.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kabla hujamwendea yeyote, azima multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Usiku, friji ikiwa inanguruma, pima volti kwenye taminali za betri, halafu pima pale waya unapoingia kwenye friji. Lazima iwe inanguruma. Ikiwa imetulia utapata namba nzuri za kukudanganya. Betri ya lithiamu yenye chaji hukaa kwenye 13.2 hivi. Ukipata 13.1 betrini na 12.8 kwenye friji, waya hauna neno, rudi dukani na friji yako. Ukipata 13.1 huku na 10 kule, basi umeme unapotelea njiani. Friji nyingi za namna hiyo zina kinga inayozima kompresa volti zikishuka kuelekea 10, na huko kumweka kwa taa ndiko kulalamika kwake. Kioo chako kinasoma betrini. Ya kule nyuma hakiyajui.

Mimi nashuku waya, na kinachonitia shaka ni huo usiku. Friji kama yako hula ampea 5 hivi. Waya wa milimita za mraba 1.5, mita 6 kwenda na 6 kurudi, humeza volti 0.7. Hapo friji bado inavumilia. Sasa ongeza taminali moja iliyoota ukoga wa kijani, yenye ukinzani wa nusu omu tu: volti 2.5 nyingine zimekwenda. Mchana sola inapandisha betri hadi 14 na ushei, kwa hiyo friji hupata karibu 11, inajikongoja. Jua likitua betri inarudi 13, friji inabaki na chini ya 10, inazima. Miezi mitatu ya kwanza shaba ilikuwa bado safi, upepo wa chumvi wa Bamburi haujaila.

Juzi nilifungua paneli ya gari jingine lililogeuzwa nyumba, Caravan moja ya Nyali. Waya hasi ulibanwa kwa skrubu juu ya bati la bodi, rangi haikukwanguliwa hata kidogo. Skrubu ilikuwa imegeuka unga wa kahawia, na waya nikautoa kwa vidole viwili. Waya wenyewe ulikuwa ule wa kufungia nyumba, wa shaba nzima isiyo na nyuzi. Ukutani unadumu miaka, lakini kwenye gari mtikisiko unaukata taratibu ndani ya plastiki yake.

Dawa ni waya wa nyuzi nyingi za shaba zilizopakwa madini ya bati, wa milimita za mraba 6, hasi irudi mpaka betrini yenyewe, na fyuzi iwe karibu na betri. Upotevu utashuka hadi volti 0.2 hivi.

Lakini usiguse kitu bado! Piga video ya simu ikionyesha vipimo vyote viwili, na picha za viungo kama vilivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuvunja sili ya inveta ya mteja kwa haraka ya kusaidia, duka likamkatalia papo hapo, nikamlipa mfukoni mwangu.

Video ikionyesha waya, nenda kwa aliyegeuza gari. Waranti ulizo nazo ni za kipande kimoja kimoja. Kilichoharibika ni kiungo cha kati, na kiungo kina mwenyewe: uliyemlipa aunganishe. Kweli friji si yake, lakini waya ni wake. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu anayeuza bidhaa au huduma kuwa ameahidi ubora unaokubalika, na maandishi ya risiti ya kulikana hilo hayana nguvu. Mwandikie, hata kwa WhatsApp, umpe siku 14 arekebishe bila malipo. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo ipo Mombasa pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda bila wakili.

Muuza betri usimpuuze moja kwa moja. Tazama altaneta, ile jenereta ya injini, inavyochaji hiyo lithiamu. Kama fundi ameunganisha moja kwa moja kwa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), betri inavuta mkondo mkubwa na altaneta inachemka. Watengenezaji wengi hutaka chaja maalumu iwe katikati. Ikiwa haipo, muuza betri ana hoja, na hilo nalo liingie kwenye barua yako kwa fundi. Ikiwa ipo, mwambie akuonyeshe kwenye karatasi ya waranti palipoandikwa kwamba lazima afunge yeye.

Siku fundi atakapofungua paneli, uwepo, uchore kila waya na fyuzi yake. Mchoro huo alipaswa kukupa siku ya kwanza. Gari likikukwamia Voi, fundi wa huko atabomoa nusu ya kabati lako akitafuta waya mmoja. Nitumie vile vipimo viwili ukishavipata.