Someni Mkataba Kabla ya Kuhesabu Kindle

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, Kindle na vifaa vingine vya kusomea vitabu vya kielektroniki vimeshusha mauzo ya vitabu na kuzidhoofisha maktaba? Anayetaka kulichunguza jambo hili aanzie wapi?" Nimeona nijibu kwa kirefu, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilikulia Nairobi, na sasa ni mkutubi katika maktaba ya umma ya mji mmoja jimboni Ohio, Marekani, kwenye kitengo kinachochagua na kununua vitabu. Mtafiti akiniomba ushauri, nitamwambia akiweke kifaa kando kwanza, asome mkataba ambao maktaba ilitia saini ili kipate kitu cha kuonyesha.

Maduka ya vitabu nitayapitia kwa haraka. Tarehe 19 Novemba 2007 Amazon ilitoa Kindle ya kwanza kwa dola 399, na mzigo wote ukaisha siku hiyohiyo. Mei 2011 kampuni hiyo ikatangaza kwamba kwa kila vitabu 100 vya karatasi inavyouza Marekani, inauza 105 vya Kindle. Mwaka huohuo Borders, iliyokuwa na mamia ya maduka nchini, ikafilisika na kufunga milango. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili, na hadi leo wengi wanaamini kwamba Kindle ndiyo iliyoiua Borders. Wanasahau kwamba tangu mwaka 2001 Borders ilikuwa imeikabidhi Amazon biashara yake ya mtandaoni, ikaja kuirudisha mwaka 2008. Kwa miaka yote hiyo mteja mwaminifu aliyeagiza kitabu cha Borders kwa mtandao alikuwa anaifaidi Amazon, huku madeni ya Borders yakizidi. Kindle ilimkuta mgonjwa yuko kitandani tayari.

Yaliyofuata hayakuwa kama yalivyotabiriwa. Maduka madogo ya vitabu, yale ya mtu binafsi mwenye rafu zake na wateja anaowajua kwa majina, yaliongezeka Marekani katika muongo uliofuata. Uingereza, Waterstones, kampuni yenye maduka mengi ya vitabu, walianza kuuza Kindle madukani mwao mwaka 2012, na ilipofika 2015 wakaiondoa kwa kuwa haikuwa inanunuliwa, nafasi wakairudishia vitabu vya karatasi. Kituo cha utafiti cha Pew kilipowauliza Wamarekani watu wazima mwaka 2021, asilimia 30 walisema wamesoma kitabu cha kielektroniki ndani ya miezi 12 iliyopita. Waliosoma cha karatasi walikuwa asilimia 65.

Lakini takwimu za namna hii hazimfikishi mtafiti mbali. Zinaeleza watu wanasoma nini, hazielezi kama mauzo ya hiki yamekula mauzo ya kile. Kulijua hilo inabidi upate wakati ambapo kimoja kiliondolewa na kingine kikabaki, ndipo ulinganishe. Wakati kama huo ulitokea mwaka 2010. Mchapishaji mmoja mkubwa aligombana na Amazon kuhusu bei, na kwa miezi miwili hivi kuanzia tarehe 1 Aprili vitabu vyake vipya vilitoka kwa karatasi bila toleo la Kindle. Walipopatana, matoleo yote mawili yakarudi kutoka pamoja. Wasomi wawili, Yu Jeffrey Hu na Michael D. Smith, walivichukua vitabu vilivyocheleweshwa wakavilinganisha na vile ambavyo havikucheleweshwa. Waligundua kwamba mauzo ya toleo la kielektroniki ya vitabu vilivyocheleweshwa yalishuka kwa karibu asilimia 44, na mauzo ya karatasi hayakupanda, si Amazon wala kwenye maduka mengine. Yaani msomaji aliyekitaka kitabu kwenye Kindle na akakikosa hakwenda kukinunua dukani. Aliendelea na mambo yake. Na hasara ilikuwa kubwa zaidi kwa vitabu ambavyo havikuwa na umaarufu tangu mwanzo, yaani vya waandishi wanaohitaji kila msomaji.

Baadaye Abhishek Nagaraj na Imke Reimers walivichunguza vitabu vikongwe vya maktaba za Chuo Kikuu cha Harvard ambavyo Google ilivipiga picha na kuviweka mtandaoni. Wao walikuta kwamba kuwekwa mtandaoni kulielekea kuongeza mauzo ya nakala za karatasi, kwa sababu watu sasa wangeweza kuvigundua. Hizi ndizo tafiti ninazoziamini.

Sasa nije maktaba, ambako ndiko roho yangu iliko.

Julai 2019 mkuu wa kampuni ya uchapishaji ya Macmillan, John Sargent, aliwaandikia waandishi wake na mawakala kwamba asilimia 45 ya usomaji wa vitabu vyao vya kielektroniki Marekani unatokana na watu wanaoazima bure maktaba. Kwa hiyo kuanzia Novemba mwaka huo, kitabu kipya kikitoka, mfumo mzima wa maktaba wa mji ungeruhusiwa kununua nakala moja tu ya kielektroniki kwa wiki 8 za mwanzo, hata kama mji una watu milioni moja. Maktaba nyingi, ikiwemo King County ya jimbo la Washington, ziligoma kununua. Machi 2020, maktaba zikiwa zinafunga milango kwa sababu ya korona, Macmillan iliachana na utaratibu huo.

Ile asilimia 45 inanisumbua mpaka leo, kwa kuwa ilitumiwa kama hesabu ya wateja waliopotea. Kusoma mara moja kwa kuazima hakumaanishi duka limepoteza mauzo ya nakala moja. Mmoja wa wasomaji wetu ni mama mstaafu ambaye macho yamechoka. Anapenda riwaya za upelelezi, na kwenye Kindle anaongeza ukubwa wa herufi mpaka ukurasa una mistari michache tu. Anaazima kupitia programu ya Libby, akimaliza moja anachukua nyingine. Angetakiwa kulipa dola 15 kwa kila riwaya, asingezisoma. Angesoma moja moja kwa mwaka, au angeacha kabisa. Na akipendezwa na mwandishi, huwanunulia wajukuu zake vitabu vya mwandishi huyo siku za kuzaliwa. Mtafiti anayehesabu maazimio bila kumwuliza mama huyu angefanya nini kama maktaba isingekuwepo, amehesabu kitu kisichohusiana na swali lake.

Sasa mkataba. Ninapoagiza riwaya mpya, kwenye skrini huwa kuna mistari miwili. Wa kwanza ni jalada gumu: bei ya dukani labda dola 28, na sisi tunapunguziwa. Nakala ile ikifika tunaivisha plastiki, tunaigonga muhuri, inaingia rafuni, na ni yetu. Mstari wa pili ni toleo la kielektroniki: dola 55, miezi 24. Miezi hiyo ikiisha kitabu kinatoweka kwenye katalogi chenyewe, kimesomwa au hakijasomwa, hata kama kuna watu kwenye foleni wanakisubiri. Tukikitaka tena, tunalipa tena. Na kwa muda wote huo nakala moja inasomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kana kwamba ni ya karatasi. Mchapishaji Penguin Random House alihamia kwenye leseni za miaka miwili Oktoba 2018, na wachapishaji wengine wakafuata mwaka uliofuata. HarperCollins walikuwa wametangulia: mwaka 2011 waliweka kikomo cha kuazimwa mara 26, kisha leseni inakufa. Wakutubi walichukua vitabu vya karatasi vilivyokwisha kuazimwa mara nyingi kuliko hizo, wakavionyesha hadharani vikiwa bado vizima.

Sheria ndiyo iliyofungua mlango huu. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mchapishaji akishauza nakala ya kitabu, hana tena amri juu ya bei ambayo mnunuzi ataiuzia. Juu ya msingi huo tunanunua kitabu dukani na kukiazimisha bila kumwomba mtu ruhusa. Faili la kielektroniki haliuzwi. Linakodishwa kwa masharti ya mwenye hakimiliki, naye akikataa kutukodisha hatuna pa kwenda. Vitabu ambavyo Amazon yenyewe inavichapisha havikuwa vinapatikana kwa maktaba kwa njia ya kielektroniki kwa miaka mingi, mpaka makubaliano ya Mei 2021 na Maktaba ya Umma ya Kidijitali ya Marekani. Jimbo la Maryland lilitunga sheria mwaka 2021 ya kuwalazimisha wachapishaji wawape wakutubi leseni kwa masharti ya haki. Mwaka 2022 jaji wa shirikisho aliibatilisha kwa kuwa hakimiliki si mambo ya jimbo. Ulaya mambo yalikwenda tofauti kidogo: Novemba 2016 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba kuazimisha nakala moja ya kielektroniki kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja kunaweza kuhesabiwa sawa na kuazimisha kitabu.

Sisemi haya kwa kuvichukia vitabu vya kielektroniki. Milango yetu ilipofungwa mwaka 2020, ndivyo vilivyowabaki wasomaji wetu. Kuna mzazi Mkongomani ambaye hutoka kazini usiku, maktaba imeshafungwa, akamtafutia mtoto kitabu kwa simu. Kwa watu kama hao, na kwa yule mama wa herufi kubwa, hiki ni kitu cha thamani sana, na ninapigania bajeti yake kila mwaka. Ila bajeti ni ile ile. Dola zinazokwenda kufufua leseni za mwaka juzi ni dola ambazo hazinunui kitabu kipya, wala kitabu cha mwandishi asiyejulikana, wala vitabu vya watoto vya Kiswahili ambavyo familia za hapa zinavitaka na ambavyo kwa kawaida hupatikana kwa karatasi tu.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likiandikwa, nalo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kitabu cha karatasi cha maktaba ya Marekani kina maisha marefu baada ya kutoka rafuni. Kikichakaa tunakitia gundi mgongoni. Kikikosa wasomaji, kinagongwa muhuri wa kuondolewa na kuuzwa dola moja kwenye mnada wa marafiki wa maktaba, au kinatiwa kwenye katoni za mashirika kama Books For Africa la Minnesota, ambalo limekuwa likipeleka vitabu barani kwetu tangu 1988. Aliyewahi kununua vitabu barabarani Nairobi, kwa wale wachuuzi wa "inama bookshop" wanaovitandaza chini mpaka uiname ndipo uchague, anazijua zile mihuri za maktaba za Ohio, Texas na Michigan kwenye kurasa za mwanzo. Mimi nilisoma hivyo kabla sijajua Ohio iko wapi. Leseni ya miezi 24 haitoki rafuni kwenda popote, hairithiwi na mtu. Kadiri maktaba za Marekani zinavyohamisha fedha kutoka karatasi kwenda leseni, ndivyo kile kinachofika kwa wachuuzi wale kitakavyopungua. Hilo linapimika. Mtafiti wa Nairobi angeweza kulianza kesho, kwa kuangalia miaka ya uchapishaji kwenye vitabu vilivyotandazwa.

Kwa Kenya na Tanzania nina maonyo mawili kwa huyo mtafiti. Kwanza, asichukue lawama za Marekani akazibandika kwetu. Kenya iliweka VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013. Anayeona mabadiliko ya mauzo kuanzia mwaka huo na kuyaeleza kwa Kindle atakuwa ameruka jambo lililo wazi. Pili, kwetu kifaa cha kusomea ni simu, na wengi wanachosoma ni PDF iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp au Telegram bila mwandishi kupata senti. Hapo kuna hasara ya kweli na inaumiza waandishi wetu, lakini ni suala la uharamia na la vitabu halali kutopatikana kwa njia nyepesi ya kulipia. Mtu akiweza kulipa kwa M-Pesa na kupata kitabu papo hapo, wangapi wangelipa? Swali hilo lina thamani kuliko kuhesabu vifaa.

Na kama angetaka mahali pamoja pa kuanzia, ningemwelekeza kwenye maktaba za Kenya zilizopokea Kindle kupitia mradi wa shirika la Worldreader ulioanza kwenye maktaba nane mwaka 2013, zikiwemo za jamii na matawi ya KNLS, yaani maktaba za taifa za Kenya. Mengi yameandikwa kuhusu namna watoto walivyozifurahia. Aende sasa, akae na mkutubi wa tawi moja, wafungue kifaa kimoja pamoja, na amwulize kuhusu kila kitabu kilichomo: ni cha maktaba au cha kukodishwa, kina kikomo cha muda au hakina, kifaa kikifa kitabu kinahamia wapi, na fedha za wafadhili zikiisha ni fungu gani la bajeti ya kaunti litakalolipia kingine.